Mtetemo Hudumu Muda Gani? Kutoka Daraja la Tacoma hadi Molekuli ya Maji

Jibu moja kwa maswali mengi

"Kila kitu kina masafa yake, na ukiyapata masafa hayo kitavunjika." Kauli hii hutolewa kama kanuni ya fizikia, na juu yake hurundikwa mambo yasiyofanana hata kidogo: daraja la Tacoma lililoanguka Marekani mwaka 1940, askari wanaokatazwa kwenda hatua moja wanapovuka daraja, jiko la maikrowevu linalopasha chakula, na hata mashine za mezani zinazodaiwa kupima "mitetemo ya seli" na kutoa orodha ya maradhi kwa dakika chache. Mwanafunzi wa sekondari huisikia darasani, mgonjwa huisikia kwa muuza tiba, na wote wawili huondoka wakiamini kwamba wamepewa sayansi ile ile.

Resonansi, yaani kitu kusukumwa kwa masafa yake ya asili mpaka mtetemo wake ukakua, ni jambo la kweli na lina ushahidi. Tatizo ni kwamba limefanywa jibu la maswali ambayo si yake. Kinachoachwa nje ni muda. Mtetemo wowote usiochochewa hufifia, na mtetemo wa namna hiyo, unaozuka baada ya kishindo kisha ukapotea, yaani mtetemo wa mpito, ndio tunaokutana nao mara nyingi zaidi, katika mitambo na katika molekuli. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba anayetaka kujua kwa nini kitu kimevunjika, au kwa nini kimepata joto, anapaswa kuuliza kwanza nishati inaingiaje na inatoka kwa kasi gani. Swali la masafa lifuate baadaye.

Nishati inavyoingia na inavyotoka

Chukua daladala inayopita kwenye tuta. Springi hubanwa, kisha hufyatuka, na bodi la gari hupanda na kushuka. Shokapu zikiwa nzima, mdundo mmoja au miwili humaliza mambo, kwa sababu mafuta yaliyo ndani yake hulazimika kupita kwenye vitundu vyembamba na mwendo hugeuka kuwa joto. Shokapu zikifa, gari huendelea kudunda mita nyingi baada ya tuta. Springi ni zile zile, uzito ni ule ule, na masafa ya asili yamebaki karibu pale pale. Kilichobadilika ni kasi ya nishati kutoka.

Wahandisi huipima kasi hiyo kwa uwiano wa ufifishaji. Kitu chenye ufifishaji wa asilimia 100 hurudi mahali pake bila kudunda hata mara moja. Gari lenye shokapu nzima huwa kati ya asilimia 20 na 40. Daraja jembamba la chuma linaweza kuwa chini ya asilimia 1. Tofauti ya namba hizi ni kubwa kuliko inavyosikika: kitu chenye asilimia 0.5 huhitaji mizunguko kama 73 kabla mtetemo wake haujashuka hadi sehemu ya kumi ya ukubwa wa mwanzo, ilhali chenye asilimia 20 hakifikishi mizunguko 2.

Namba hiyo hiyo ndiyo inayoamua resonansi itakuwa kali kiasi gani. Kisukume kitu cha asilimia 0.5 kwa masafa yake ya asili bila kuacha, kitasogea mara 100 ya pale ambapo nguvu hiyo hiyo ingekifikisha kama ingekuwa imetulia. Cha asilimia 20 kitasogea mara 2.5 tu. Tena ukubwa huo hauji mara moja. Baada ya mizunguko 10, kitu cha asilimia 0.5 kimefika kidogo zaidi ya robo ya kilele chake. Kwa hiyo resonansi yenyewe huanza kama mtetemo wa mpito, ila umeendelea kulishwa mpaka kinachoingia kikalingana na kinachotoka. Ndiyo sababu mtambo unaozunguka kwa kasi hupitishwa haraka kwenye kasi yake ya hatari wakati wa kuwashwa: haupewi muda wa kufika kileleni.

Mafundisho mengi ya shule huiruka hatua hii, na hapo ndipo mkanganyiko unapozaliwa.

Wanaosema masafa yalilingana

Hoja kwamba vitu huvunjika kwa sababu masafa yamelingana ina nguvu mbili. Ni rahisi kueleweka, na ina historia. Mwaka 1831 daraja la kuning'inia la Broughton, karibu na Manchester, Uingereza, lilianguka wakati askari wakivuka kwa hatua moja. Baada ya hapo jeshi la Uingereza likaanza kuamuru askari waache kulinganisha hatua juu ya madaraja. Mwaka 1850 huko Angers, Ufaransa, daraja jingine la kuning'inia liliporomoka likiwa na kikosi cha askari juu yake, na zaidi ya 200 walikufa.

Lakini mifano hii ukiitazama kwa karibu inakuwa na doa. Broughton kulikuwa na bolti dhaifu iliyokatika. Angers kulikuwa na dhoruba, nyaya zilikuwa zimeliwa na kutu mahali zilipofungwa, na askari walikuwa wameshaamriwa wasiende hatua moja. Daraja lilipoyumba ndipo miguu yao, bila wao kutaka, ikaanza kufuata yumbo hilo. Masafa yalikuwa na sehemu yake, ila chuma kibovu kilikuwa na sehemu kubwa zaidi.

Pigo zito kwa hoja hii ni Tacoma, mfano ambao watetezi wake huutaja kwanza. Daraja hilo la jimbo la Washington lilifunguliwa tarehe 1 Julai 1940 na kuanguka tarehe 7 Novemba mwaka huo huo. Sehemu yake ya kati ilikuwa na urefu wa mita 853, upana wa karibu mita 12 tu, na ubavuni mihimili ya mabamba yaliyoziba yenye kimo cha mita 2.4. Msanifu wake, Leon Moisseiff, alikuwa miongoni mwa wahandisi walioheshimika zaidi wa madaraja, na alitaka daraja jepesi na jembamba. Tangu mwanzo lilipanda na kushuka hata kwenye upepo wa kawaida. Mwendo huo wa miezi ya mwanzo unaelezeka vizuri kwa masafa kulingana: upepo ukipita kwenye kitu butu huacha nyuma yake mizunguko ya hewa inayotoka kwa zamu, juu na chini, na zamu hizo zikikutana na masafa ya daraja, daraja huitikia.

Asubuhi ya mwisho mambo yalikuwa mengine. Upepo ulikuwa wa kilomita kama 67 kwa saa. Kabla ya saa nne na nusu kishikizo cha waya mkuu wa upande wa kaskazini kiliteleza katikati ya daraja, na mwendo ukabadilika ghafla: njia ikaanza kujipinda, ukingo mmoja juu na mwingine chini, mzunguko mmoja kila sekunde 5, yaani hezi 0.2. Kwa upepo ule na umbo lile, mizunguko ya hewa ingetoka takriban mara 1 kwa sekunde. Masafa yanayotofautiana mara tano hayawezi kuitwa yaliyolingana. Hesabu hii ilielezwa kinagaubaga na Yusuf Billah na Robert Scanlan mwaka 1991 katika jarida la fizikia linalosomwa na walimu wa Marekani, na bado kuna vitabu vinavyorudia maelezo ya zamani.

Wanaosema mwendo ulijilisha wenyewe

Upande wa pili unasema hivi: daraja la Tacoma lilipojipinda, lilibadilisha pembe yake mbele ya upepo, na upepo kwa kuitikia pembe hiyo ukaongeza mpindo. Upepo wenyewe haukuhitaji kuwa na masafa yoyote. Ulivuma mfululizo, na daraja ndilo lililoukatakata kuwa misukumo kwa mwendo wake lenyewe. Chini ya kasi fulani ya upepo, mtetemo wowote wa kujipinda ungefifia. Juu ya kasi hiyo, kila mzunguko uliingiza nishati zaidi ya iliyotoka. Wahandisi huita hali hiyo ufifishaji hasi.

Nguvu ya hoja hii ni kwamba inalingana na vipimo na inaonyesha tiba. Daraja jipya lililofunguliwa mwaka 1950 halikuwekewa masafa ya kukwepa upepo. Liliwekewa fremu za chuma zilizo wazi zenye kimo cha mita 10, zinazopitisha upepo na kuzuia njia isijipinde.

London ilitoa somo la pili bila kifo chochote. Daraja la Millennium la waenda kwa miguu lilifunguliwa tarehe 10 Juni 2000 na kufungwa siku mbili baadaye, kwa sababu lilikuwa likiyumba kushoto na kulia, kwa masafa ya kati ya hezi 0.5 na 1, hadi watu wakashika kingo. Wengi walisema watembeaji walilinganisha hatua zao. Wachunguzi waligundua kwamba kwa idadi ndogo ya watu daraja lilikuwa tulivu, na kwamba baada ya idadi fulani yumbo lilichipuka ghafla. Mtu anayejaribu kusimama wima juu ya kitu kinachoyumba hupanua miguu na kusukuma upande ule ule kinakoelekea, hivyo kila mtembeaji akawa anaondoa kidogo katika ufifishaji wa daraja. Uchunguzi wa hisabati uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kuwa hilo linaweza kutokea hata kama hakuna hatua zinazolingana. Kulingana kwa hatua kunaweza kuja baadaye, kama matokeo.

Daraja hilo liliwekewa vififishi 37 vya majimaji, vyenye kazi ile ile ya shokapu, pamoja na vififishi zaidi ya 50 vya uzani unaoning'inia kwenye springi. Lilifunguliwa tena Februari 2002. Masafa yake yaliachwa karibu yalivyokuwa. Nishati ndiyo iliyopewa njia ya kutokea.

Udhaifu wa upande huu ni kwamba unahitaji chanzo kisichokatika, kama upepo, umati au mkondo wa maji. Haumsaidii fundi anayekabiliana na kishindo kimoja kinachojirudia bila mpangilio.

Wanaotazama uharibifu mdogo unaorundikana

Fundi huyo ana upande wake. Tarehe 17 Agosti 2009, katika bwawa la Sayano-Shushenskaya huko Siberia, Urusi, mtambo namba 2 wa kufua umeme, wenye uwezo wa megawati 640, uling'olewa na maji kutoka mahali pake. Watu 75 walikufa. Bolti za kifuniko cha mtambo zilipochunguzwa, 41 kati ya 49 zilikuwa na nyufa za uchovu wa chuma. Nyufa za namna hiyo hukua taratibu, kwa kila mtikisiko uliopita na kuonekana umekwisha.

Mitambo ya aina ya Francis, kama ule, ina ukanda wa mzigo ambao maji yanayotoka hujizungusha na kuutikisa mtambo. Haitakiwi kufanya kazi humo. Hupita tu, kutoka mzigo mdogo kwenda mkubwa au kinyume chake. Mtambo namba 2 ulikuwa ukitumika kusawazisha umeme wa gridi, kazi iliyoulazimu kupita katika ukanda huo mara kwa mara, na kumbukumbu za mtikisiko wake zilionyesha kwamba ulikuwa ukizidi. Kila mpito ulikuwa mfupi.  Mipito hiyo iliporundikana, bolti zilichoka.

Jambo hili halipo mbali nasi. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, nchini Tanzania, lina mitambo 9 ya aina hiyo hiyo ya Francis, kila mmoja wa megawati 235. Mitambo mikubwa katika gridi ambayo matumizi yake hupanda na kushuka kila siku itaombwa kubadilisha mzigo, na kila badiliko lina bei yake katika chuma. Hapo kuna mgongano wa kweli: gridi inataka mtambo mwepesi kuitika, na bolti zinataka mtambo uliotulia. Suluhisho ni upimaji wa mtikisiko unaofanywa bila kukosa, na mamlaka ya kuzima mtambo namba zinapopanda, hata kama umeme unahitajika.

Udhaifu wa upande huu ni kwamba hauna picha ya kusisimua. Filamu ya daraja la Tacoma likianguka imeonwa na vizazi. Ufa ndani ya bolti haumwiti mpiga picha.

Ndani ya molekuli

Kifungo kati ya atomu mbili hutetemeka pia, ila kwa kasi isiyowazika. Kile cha oksijeni na haidrojeni katika maji hutetemeka takriban mara trilioni 100 kwa sekunde, kwa hiyo mzunguko mmoja huchukua femtosekunde kama 10. Femtosekunde ni sehemu moja ya milioni ya bilioni ya sekunde. Katika maji ya kawaida, nishati ya mtetemo huo hushuka hadi karibu theluthi kwa femtosekunde kama 200, sawa na mizunguko 20. Ukiupima kwa uwiano wa wahandisi unapata karibu asilimia 0.4, ule ule wa daraja jembamba la chuma. Molekuli ina sheria zake za kikwanta, lakini hesabu ya kinachoingia na kinachotoka inabaki ile ile.

Ubishi wa resonansi uliingia huku pia. Leza zilipopata nguvu katika miaka ya 1970, wanakemia wengi walitumaini kwamba kwa kuchagua rangi ya mwanga inayolingana na kifungo fulani wangekikata hicho tu na kuacha vingine. Mara nyingi haikuwezekana. Nishati iliyowekwa kwenye kifungo kimoja husambaa katika molekuli nzima kwa pikosekunde chache (pikosekunde ni femtosekunde 1,000), na kinachokatika ni kifungo dhaifu, popote kilipo. Wenye matumaini hawakukosea kabisa. Molekuli za salfa heksafloraidi zilitenganishwa kwa leza kulingana na uzito wa salfa iliyomo, kwa sababu uteuzi hufanyika katika hatua za kwanza za kumeza mwanga, kabla usambaaji haujafuta tofauti. Na katika molekuli ndogo kama ya maji yenye haidrojeni moja nyepesi na moja nzito, uteuzi wa kifungo ulifanikiwa. Kigezo ni kimoja: je, jambo unalolitaka litatokea kabla mtetemo haujasambaa?

Ahmed Zewail, mzaliwa wa Misri aliyefanya kazi Caltech huko Marekani, ndiye aliyewezesha mbio hizo kutazamwa. Kwa mapigo mafupi mno ya leza, timu yake iliona molekuli za sodiamu iodaidi zikitanuka na kujikunja, kila mzunguko ukichukua zaidi kidogo ya pikosekunde 1, na katika kila mzunguko baadhi yake zikiachana. Mwaka 1999 alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Mfano wenye uzito mkubwa zaidi kwa maisha yetu uko angani. Molekuli ya kaboni dioksidi humeza mnururisho wa joto unaotoka ardhini, hasa wenye urefu wa wimbi wa mikromita 15, na kuanza kujikunja. Hapa masafa kulingana ni sharti, ila si sharti pekee: naitrojeni na oksijeni, ambazo ndizo sehemu kubwa ya hewa, haziumezi kwa sababu mtetemo wao hauna mgawanyo wa chaji wa kuushika. Lakini wengi hudhani molekuli hiyo hurudisha mnururisho ule ule papo hapo. Ikiachwa peke yake ingehitaji sehemu kubwa ya sekunde nzima kufanya hivyo. Karibu na usawa wa bahari hugongwa na jirani zake mabilioni ya mara kwa sekunde, na kwa takriban mikrosekunde 10 nishati yake huwa imehamia kwao. Mtetemo umekufa, hewa imepata joto. Migongano hiyo hiyo huamsha molekuli nyingine za kaboni dioksidi, nazo chache hutoa mnururisho kuelekea juu na chini. Resonansi hufungua mlango, na kufifia ndiko kunakopasha hewa.

Jiko la maikrowevu nalo halihitaji resonansi. Mawimbi yake ni ya gigahezi 2.45, chini ya masafa ya kifungo cha maji kwa mara 40,000 hivi. Molekuli ya maji hujaribu kugeuka kufuata wimbi, majirani huizuia, inachelewa, na ucheleweshaji huo ndio joto. Maji ya vuguvugu humeza zaidi karibu na gigahezi 20, lakini jiko la masafa hayo lingeunguza ngozi ya nje ya chakula na kuacha ndani kubichi. Viwanda hutumia pia megahezi 915, ili mawimbi yapenye zaidi. Kama siri ingekuwa masafa pekee ya maji, namba hizo mbili zisingefanya kazi sawia.

Biashara ya mitetemo

Anayeuza kifaa cha "kusoma masafa ya viungo" kupitia kiganja, au maji "yaliyowekewa mtetemo", anategemea msikilizaji asiulize muda. Sehemu kubwa ya mwili wa binadamu ni maji, na mtetemo katika maji hayo haufikishi pikosekunde moja. Mpangilio wa molekuli za maji nao huvunjika na kujipanga upya kwa pikosekunde. Mwaka 1988 Jacques Benveniste wa Ufaransa alichapisha katika jarida la Nature madai kwamba maji hukumbuka kilichowahi kuyeyushwa ndani yake. Wachunguzi waliotumwa kwenye maabara yake waliporudia majaribio kwa masharti makali, matokeo hayakuonekana. Chupa iliyokaa dukani wiki nzima haina mtetemo wowote wa kumpa mnunuzi.

Hospitali hutumia mitetemo kwa njia halali, kwa mfano mawimbi ya sauti ya ultrasaundi. Lakini huko mashine hutuma mawimbi yake yenyewe na kusoma yanayorudi, na kosa lake linaweza kupimwa.

Uzito wa kila hoja

Ukiziweka hoja tatu kwenye mizani, ya masafa ina haki pale tu chanzo chenyewe kina masafa yaliyo thabiti na ufifishaji ni mdogo: injini isiyo na uwiano, leza, mnururisho unaomezwa na kaboni dioksidi. Ya mwendo unaojilisha ndiyo iliyoiangusha Tacoma na kuiyumbisha London, na kwa madaraja marefu ndiyo ya kuogopwa zaidi. Ya mitetemo ya mpito inayorundikana haina mvuto, lakini kwa mitambo ya kila siku ndiyo inayoua taratibu, na kwa molekuli ndiyo inayoeleza joto linavyozaliwa. Zote tatu zinarejea kwenye ufifishaji, kipimo ambacho hakitajwi kabisa katika kauli ya "kila kitu kina masafa yake".

Kwa hiyo wanaoandika vitabu vya fizikia vya sekondari waitoe Tacoma katika sura ya resonansi, na wamfundishe mwanafunzi kupima, kwa springi, jiwe na saa ya simu, mtetemo unachukua mizunguko mingapi kufa. Wanaosimamia mitambo yetu ya umeme wachapishe vipimo vya mtikisiko kama wanavyochapisha megawati. Na wewe msomaji, ukiletewa kifaa cha kusoma mitetemo ya mwili wako, muulize anayekiuza nishati yake inaingia wapi, inatoka wapi, na mtetemo anaousoma hudumu kwa muda gani. Akishindwa kujibu, usimpe fedha yako.